Umeme wa Ruzizi na giza la Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kwa miaka mingi nimefundisha vijana kufunga nyaya za nyumba. Kwa sababu hiyo majirani wananichukulia kama mtu mwenye funguo za bwawa. Umeme ukikatika saa moja jioni, saa moja na dakika tano mlango wangu unagongwa. Maswali ni yaleyale, basi nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Tunasema "kura imekatika", yaani umeme umekatika, kwa Kifaransa chetu cha mdomoni; msomaji wa Dar es Salaam asidhani tunazungumzia uchaguzi.

Kura ya Bukavu inatoka wapi hasa?

Inatoka mto Ruzizi. Mto huu unatoka ziwa Kivu hapa mjini kwetu na kushuka hadi ziwa Tanganyika. Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, Tanganyika mita 770 na kitu. Maana yake maji yanaporomoka karibu mita 690 katika safari ya kilomita 120 tu au pungufu kidogo. Fundi yeyote wa umeme akiona hivyo anameza mate.

Bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilianza kazi mwishoni mwa enzi ya Wabelgiji, mwaka 1958. Mwaka 1972 ziliongezwa mashine mbili, zikawa nne, na jumla ya uwezo wake ni karibu megawati 30. Linaendeshwa na SNEL, shirika la umeme la taifa. La pili, Ruzizi II, liko chini zaidi kwenye mto huohuo. Lilifunguliwa mwaka 1989 na lina uwezo wa megawati 44 hivi. Hilo si la SNEL, ni la SINELAC, kampuni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Makao yake yako hapahapa Bukavu.

Usichanganye: mtu akikuambia "tukutane Ruzizi ya kwanza", mara nyingi anazungumzia kituo cha mpakani cha kuvukia Rwanda, si mitambo. Nimeshuhudia mgeni aliyetaka kuona bwawa akiishia kwenye foleni ya wauza nyanya.

Mbona sioni ziwa kubwa nyuma ya Ruzizi I kama mabwawa ya kwenye picha?

Kwa sababu ziwa lilikuwepo tayari. Mabwawa mengine huziba bonde, maji yakajaa, vijiji vikahamishwa. Hapa kazi ya kuhifadhi maji inafanywa na Kivu lenyewe. Ukuta wa bwawa unasimamia tu maji yanatoka kwa kiasi gani.

Hesabu moja inanifurahisha kila mwaka nikiifanya darasani. Kivu lina eneo la maji la kilomita za mraba karibu 2,400. Sentimita moja tu ya kina juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 24. Tuseme mto unatoa mita za ujazo 100 kila sekunde: ile sentimita moja inalisha mto karibu siku tatu. Pima sentimita kwenye ukucha wako, ndipo utajua tumekalia akiba ya namna gani.

Kwa hiyo kiangazi ndicho kinachotuletea giza?

Kwa sehemu. Kati ya Juni na Agosti mvua ni haba, ziwa linashuka, na wasimamizi wa bwawa wanalazimika kuwa wabahili. Ila giza la Machi, mvua ikiwa inanyesha kama imeagizwa, usilisingizie kiangazi.

Bwawa liko mlangoni petu. Kwa nini tunalala gizani?

Hili ndilo swali lenyewe, na wengi wanaouliza hawapendi jibu.

Chukua Ruzizi I yote, megawati 30, siku ambayo mashine zote nne ni nzima. Sasa chukua reshu moja ya umeme, ile ya sahani moja tunayopikia sombe, yenye wati 1,500. Megawati 30 ni kilowati 30,000. Gawanya kwa 1.5: unapata reshu 20,000. Basi. Reshu elfu ishirini zikiwashwa kwa pamoja zimemeza bwawa zima, bila taa, bila saluni, bila kinu cha mahindi, bila hospitali. Na mji wetu una watu zaidi ya milioni moja. Tena bwawa hilo halikujengwa kwa ajili ya mji wa ukubwa huu. Mwaka 1958 Bukavu ilikuwa kamji ka starehe kando ya ziwa, na mtaa wa Panzi ulikuwa mashamba.

Tena megawati hizo si za Bukavu peke yake. Goma imelishwa na Ruzizi kwa laini ndefu inayopanda kaskazini kando ya ziwa. Uvira nayo inadai chake. Ruzizi II, kwa kanuni, ni thuluthi kwa kila nchi.

Sasa tazama saa ya kupika. Gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, limepanda bei, kwa hiyo kila mwenye kura anapika kwa kura. Simlaumu mtu, hata nyumbani kwangu ndivyo tunavyofanya. Lakini saa kumi na mbili na nusu jioni, kuanzia Nyamugo hadi Nguba, sufuria zinapanda kwenye reshu kwa wakati mmoja. Taa ya kisasa inakula wati 9. Reshu moja ni sawa na taa zaidi ya 160. Tungekuwa tunatumia kura kwa taa, redio na simu tu, nusu ya malalamiko yangekwisha. Tungebaki kulalamikia makala.

Delestaji ni nini, na nani anachagua mtaa wa kukata?

Umeme hauwekwi ghalani. Unaotengenezwa sekunde hii unaliwa sekunde hii. Mashine za bwawa zinapaswa kuzunguka kwa mwendo usiobadilika ili umeme utoke na mapigo 50 kwa sekunde. Watumiaji wakizidi, mashine inalemewa na kupunguza mwendo, kama lori la Kamituga lililopakia kupita kiasi likipanda mlima. Ikishuka mno, vilinzi vinaikata vyenyewe na mji mzima unazimika. Ili lisifike hapo, watu wa kituoni wanakata sehemu kwa zamu. Hiyo ndiyo delestaji.

Hawakati nyumba moja moja. Wanakata "departi", yaani laini kubwa inayotoka kituoni na kulisha kabine kadhaa, yaani vituo vidogo vya transfoma vya mitaani. Ndiyo sababu unaweza kukaa gizani na kuona ng'ambo ya barabara taa zinawaka: barabara hiyo ndiyo mpaka wa departi mbili. Pia departi yenye hospitali au mitambo ya maji hukatwa mwisho. Ukitaka kujua kwa nini kartie (mtaa) fulani ina bahati, angalia kwanza imepakana na nini kabla ya kuanza kutafuta mkubwa anayeishi pale. (Mkubwa naye mara nyingine yupo. Sijazaliwa jana.)

Ni kweli chupa za plastiki zinazima umeme?

Kweli kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Mji wetu ni milima. Mvua ikinyesha Kadutu, kila kitu kilichoachwa kwenye mtaro kinashuka: mifuko, chupa za maji, viatu vya kandambili, nguo chakavu, maboksi. Kinaingia kwenye mto Kahwa au Wesha, kisha ziwani. Sasa tazama ramani. Bukavu iko ncha ya kusini ya ziwa, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huo wa Ruzizi. Kila kinachoelea kinavutwa polepole kuelekea huko, pamoja na uchafu wa Kalehe, wa Idjwi na wa pwani ya Rwanda. Bwawa ndilo ungo wa Kivu zima.

Mbele ya mashine kuna grila, vyuma vilivyopangwa kama meno ya kitana, kuzuia vitu vigumu visiingie ndani. Takataka zikirundikana pale, maji yanapita kwa shida na mashine inakosa nguvu. Hazielei juu tu: zinashikamana na magugu na matope, zinazama, zinajenga ukuta chini ya maji ambao mtu aliye juu haoni. Inabidi wapiga mbizi washuke kuzitoa kwa mkono. Ili mtu ashuke salama, mashine lazima isimame. Ikisimama moja kati ya nne, karibu robo ya umeme wa bwawa imekwenda. Na ikitokea uchafu umepenya na kuharibu mashine yenyewe, hapo hatuzungumzii tena saa, tunazungumzia miezi, maana vipuri vya mitambo ya zamani hii haviuzwi kwenye soko la Kadutu.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwishoni mwa 2017. Nenda sokoni leo ununue sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za franka kidogo, uone utakavyofungiwa.

Nisiwe mnafiki. Mwaka mmoja, mtaro wa mbele ya nyumba yangu ulikuwa umeziba na maji yakaingia sebuleni. Tukachukua majembe na wanangu, tukauzibua kwa furaha. Tulichokitoa tulikisukuma kwenye mteremko, mvua ya kesho yake ikakibeba. Kikaenda wapi? Tulijipongeza siku nzima.

Mbona Kongo ina Inga, na sisi hatuletewi umeme wa Inga?

Kwa sababu hakuna waya. Mabwawa ya Inga I ya mwaka 1972 na Inga II ya mwaka 1982 yako karibu na bahari ya Atlantiki, magharibi kabisa. Yanalisha Kinshasa, na laini moja ndefu kupita kawaida, zaidi ya kilomita 1,700, inapeleka umeme Kolwezi kwa ajili ya migodi ya Katanga. Mtandao wa huku mashariki uko peke yake. Lubumbashi inaweza kupata umeme wa Inga; Bukavu haiwezi, hata Inga ikijengwa mara kumi, mpaka mtu avute laini.

Lakini maji yetu yanafika Inga. Ruzizi inamwaga Tanganyika, Tanganyika inatokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba ndiyo mto Kongo, na Kongo inapita Inga. Tone lililozungusha mashine hapa Bukavu linaweza kwenda kuzungusha nyingine kule, miaka mingi baadaye, kwa faida ya mtu wa Kinshasa.

Rwanda inakula umeme wetu?

Ruzizi II ni mali ya nchi tatu, na Rwanda na Burundi wanapata mgao wao kwa mkataba. Huo si wizi. SINELAC ilianzishwa mwaka 1983, wakati wa CEPGL, ule ushirika wa nchi hizi tatu ulioundwa 1976. Mto wenyewe ni mpaka: ukingo mmoja ni wa kwetu, mwingine wa kwao. Swali ninaloona lina mashiko zaidi ni kwa nini wenzetu wamejenga vyanzo vingine vingi, sisi tukabaki kuhesabu mashine zilezile.

Jirani ana kura, mimi sina, na tuko kabine moja. Nimerogwa?

Hapana. Kabine inatoa nyaya tatu zenye umeme, tunaziita fazi, na ya nne ya kurudishia, nyutro. Nyumba nyingi zinachukua fazi moja tu. Fazi yako ikikatika au fyuzi yake ikiungua, wewe na theluthi moja ya mtaa mko gizani, wengine wanacheza muziki. Kinachofuata kwa kawaida ni mtu kupanda kwenye nguzo usiku na kuhamia fazi ya jirani. Kesho yake wengine kumi wanahamia. Fazi mbili zikabeba mzigo wa tatu, nazo zikaungua. Mtaa wetu umewahi kukaa majuma kadhaa bila transfoma kwa mchezo huu, kisha tukachanga pesa, kila nyumba, na hata leo kuna wasiosalimiana kwa ajili ya michango ile.

Kura ilikuja kwa nguvu ikaunguza televisheni za avenyu nzima. Bwawa lilituma nyingi?

Bwawa halina namna ya kupeleka umeme wa ziada kwenye avenyu yako. Karibu kila mara ni nyutro iliyokatika. Nyutro ikiwa nzima, kila nyumba inapata volti 220. Ikikatika, nyumba za fazi tofauti zinajikuta zimefungamana zenyewe kwa zenyewe, na volti zinagawanyika ovyo: kwa mmoja 120, kwa mwingine zinapanda kuelekea 380. Mwenye reshu haoni kitu. Mwenye televisheni peke yake ndani ya nyumba anasikia "pa!" na harufu. Dalili ya mapema ni taa zinazopanda na kushuka mwanga kila jirani anapowasha kitu. Ukiona hivyo, shusha disjonkteri, swichi kuu ya kukata umeme wa nyumba nzima, usingoje kuhakikisha.

Kwangu inakuja hafifu kama mshumaa. Ninunue stabilizateri?

Ukiweza, nunua, italinda friji yako. Ila ujue inafanya nini. Waya ni mwembamba na mrefu, nyumba ni nyingi, kwa hiyo volti zinaishia njiani. Stabilizateri inazirudisha 220 kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi kwenye waya uleule. Wewe unapata nafuu, na aliye mwisho wa laini anazidi kufifia. Naye atanunua yake.

Kwa wapishi: reshu kwenye volti 160 inatoa karibu nusu tu ya joto lake. Maharage ya saa mbili yanakuwa ya saa nne. Mama, hukuuziwa maharage mabovu.

Kuna ubaya gani kujishikisha bila mita, wote wanafanya hivyo?

Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimebanana, na waya unapita juu ya mabati kama utando wa buibui. Waya wa redio unaobebeshwa reshu mbili unapata moto, plastiki yake inayeyuka, nyaya zinagusana. Bukavu tumeona kartie zikiteketea kwa usiku mmoja. Gari la zimamoto likifika, njia ya kuingia ina upana wa toroli. Ukishikisha, angalau kubali kuweka disjonkteri na waya mnene. Sikupi ruhusa, nakupunguzia mazishi.

Maji ya bomba nayo yanahusika?

Ndiyo. Regideso, shirika la maji, inahitaji umeme kuyasukuma maji kwenda milimani. Kura ikikosekana muda mrefu, bidoni za njano zinaanza kutembea.

Ruzizi III itatuokoa?

Mradi umezungumzwa kwa miaka mingi. Kwanza zilitajwa megawati 147, siku hizi ni 206, zigawanywe sawa kwa nchi tatu. Kwa Kongo ni karibu 69. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Ruzizi I yote, si jambo dogo. Ila umeme ukiongezeka na kabine zikabaki hizihizi, nyaya hizihizi, mtaa wako utaona tofauti ndogo. Watu wanaingoja Ruzizi III kama mvua. Mimi naiuliza itateremka kwa waya gani.

Goma wanasema wana umeme mzuri kuliko sisi. Kweli?

Sehemu za Goma zinapata umeme wa Matebe, bwawa la Rutshuru lililofunguliwa mwishoni mwa 2015 chini ya mbuga ya Virunga, lenye megawati 13 hivi. Wateja wanalipa kabla ya kutumia, na mtandao wenyewe ni mpya. Bwawa hilo ni dogo kuliko Ruzizi I. Fikiria hapo.

Na gesi ya ziwa?

Kivu lina metani nyingi iliyoyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unaitumia kuzalisha umeme wa megawati 26. Haina uhusiano na bwawa letu, ambalo linachukua maji ya juu. Kwa hiyo, baba, bwawa haliwezi "kuamsha gesi".

Mtu binafsi anaruhusiwa kujenga bwawa dogo?

Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango. Uzalishaji si wa SNEL peke yake tena. Mito midogo tunayo tele. Mtaji ndio haba.

Kura ikirudi, nifanye nini kwanza?

Usikimbilie kuchomeka. Dakika za mwanzo ndizo mbaya, maana kila reshu iliyoachwa imewashwa inavuta kwa pamoja, volti zinayumba, na mara nyingi disjonkteri ya kabine inaruka tena. Kura ilipokatika ulipaswa kuzima kila kitu na kuacha taa moja. Taa hiyo ikiwaka kwa utulivu dakika tano, chomeka simu. Ikibaki tulivu, friji. Reshu mwisho, na kama ni saa moja jioni na makala bado yapo, iache mpaka saa tatu.